Mtoto wa Nani? Askofu Thietmar wa Merseburg na Ukoo Wake

Waheshimiwa mapadre, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mlioacha mechi ya jioni mkaja kukaa kwenye viti hivi vigumu, habari za jioni, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo.

Mwenyekiti alinipa mada pana: maaskofu wa Ujerumani wa zama za kati. Nikaona nikisimama hapa kuwatajia maaskofu arobaini na miaka yao, nusu yenu mtasinzia na nusu mtatoka nje kupokea simu ambazo hazijalia. Kwa hiyo nimemchagua mmoja. Anaitwa Thietmar. Alizaliwa tarehe 25 Julai 975, akafariki tarehe 1 Desemba 1018 akiwa na miaka 43, na kwa miaka tisa ya mwisho ya maisha yake alikuwa askofu wa Merseburg, mji ulio kando ya mto Saale, mashariki ya Ujerumani ya leo. Jimbo lake lilikuwa dogo, maskini, na limeshawahi kufutwa mara moja. Tunamjua kwa sababu aliandika kitabu cha historia kwa Kilatini, juzuu nane, kuhusu wafalme wa Ujerumani waliotawala kabla yake na wakati wake. Wanahistoria wanakitumia hicho kitabu kama mgodi, kila mmoja anaingia na sururu yake kuchimba habari za wafalme. Mimi leo nawaomba tukisome kwa jicho lingine. Nakiona kama kitabu cha mtu anayelipa madeni ya ukoo wake.

Kwanza mumwone. Tuna bahati, maana amejichora mwenyewe. Anamwita msomaji amtazame bwana mkubwa huyu, na anachomwonyesha ni kimtu kifupi, taya la kushoto na shavu lake vimeharibika kwa jipu sugu lililotoboka na ambalo haliachi kuvimba. Pua aliivunja utotoni, na anasema inamfanya achekeshe. Kisha anaongeza kwamba haya yote yasingemsumbua kama angekuwa na kitu cha kujivunia moyoni, ila hana. Niambieni, maaskofu wangapi wa miaka elfu moja iliyopita wamekubali kuonekana hivyo? Wengi tumebakiwa na sura zao za kuchongwa kwenye mawe, wote warefu, wote wazuri, wote wanafanana.

Sasa, kwetu kijana akipita barazani akaamkia, wazee huitikia halafu huuliza: wewe mtoto wa nani? Thietmar angelielewa swali hilo mara moja, na angejibu mpaka chai ipoe.

Upande wa baba ni ukoo wa Walbeck, kwenye mto Aller, katika nchi ya Wasaksoni. Baba yake, Siegfried, alikuwa kabaila, yaani mtu wa ukoo mkubwa anayesimamia eneo kwa niaba ya mfalme: anaamua kesi, anakusanya wapiganaji, anakwenda vitani mfalme akiita. Upande wa mama ni ukoo wa Stade, huko chini kwenye Elbe, mto unapokaribia bahari. Mama aliitwa Kunigunde. Na pande zote mbili zilikuwa na babu mkuu aliyeitwa Liuthar. Wawili hao, Liuthar wa Walbeck na Liuthar wa Stade, walikufa katika pigano moja dhidi ya Waslavi, majirani wa mashariki, pale Lenzen, mwaka 929. Thietmar anaitaja habari hiyo mapema kabisa katika kitabu chake. Vita vilivyowaua mababu zake wawili vimo katika historia ya Mfalme Heinrich wa Kwanza, sawa, lakini yeye anasimama kidogo pale kama mtu anayepita karibu na makaburi ya kwao.

Hapa nina neno la pembeni kuhusu lugha. Kilatini cha Thietmar kina neno la ndugu wa kiume wa mama na neno jingine la ndugu wa kiume wa baba. Msomaji wa Kiingereza anapata neno moja tu kwa wote wawili, basi kila ukurasa anabaki akijiuliza huyu ni wa upande gani. Sisi hatuna shida hiyo. Wale wa Stade ni wajomba zake. Yule wa Walbeck ni ami yake, au baba yake mdogo kama wengine mnavyosema bara. Na mtaona kwamba tofauti hiyo ndiyo hadithi yenyewe, kwa sababu wajomba walitaka kumtoa rehani, na ami alimuuzia cheo.

Tuanze na babu, mzazi wa baba, ambaye naye aliitwa Liuthar. (Msinilaumu mimi. Koo hizi zilikuwa na majina manne matano, wakayazungusha.) Mwaka 941 babu huyu aliingia katika njama ya kumuua Mfalme Otto wa Kwanza siku ya Pasaka. Njama ikavuja. Baadhi ya wenzake waliuawa. Otto alitaka kumuua na yeye, ila watu wa karibu wa mfalme wakamwombea, akafungwa huko Bavaria chini ya uangalizi wa Kabaila Berthold kwa mwaka mmoja, kisha akarudishiwa heshima yake baada ya kutoa fedha na ardhi. Alipotoka alijenga kanisa la Bikira Maria kule Walbeck, likiwa malipizi ya dhambi hiyo, akaweka makanoni, yaani makasisi wanaolitumikia kanisa moja kwa pamoja, wa kusali. Kumbukeni kanisa hili. Lilijengwa kwa sababu ya hatia ya babu, na mjukuu naye atapatia hatia yake humohumo.

Siegfried na Kunigunde walizaa wavulana watano: Heinrich, Friedrich, Thietmar, Siegfried na Brun. Heinrich na Friedrich walibaki na mashamba, ngome na upanga. Watatu waliobaki wakaenda kanisani. Hapa msifikiri kwamba watoto watatu walisikia wito usiku kama Samweli. Ardhi ikigawanywa mafungu matano kila kizazi, baada ya vizazi viwili ukoo unakuwa wakulima wa kawaida. Mtoto akipelekwa kanisani anasoma, anakula, anauombea ukoo, na akibahatika anakuwa askofu. Nao walibahatika: Thietmar alipata Merseburg, Siegfried akawa askofu wa Münster kuanzia 1022, na Brun akawa askofu wa Verden kuanzia 1034. Nyumba moja, maaskofu watatu.

Na maaskofu katika dola ile hawakuwa watu wa kubariki tu. Walipokea fimbo ya uaskofu kutoka mkononi mwa mfalme. Walimlisha yeye na msafara wake alipokuja, na alikuja mara kwa mara, kwa sababu hakuwa na mji mkuu, alitawala akiwa safarini. Walipeleka wapiganaji. Mfalme alipenda kuwapa maaskofu ardhi na mamlaka kwa sababu iliyo wazi: askofu hana mtoto halali wa kumrithisha, akifa kiti kinarudi mezani. Makabaila nao walivitaka viti hivyo kwa watoto wao. Ndiyo maana askofu wa asili ya chini alikuwa kioja. Thietmar mwenyewe anasimulia habari za Willigis, askofu mkuu wa Mainz, ambaye hakutoka ukoo mkubwa, na anaona lazima aeleze jambo hilo kwa muujiza: kwamba mama yake, akiwa mjamzito, aliota jua liking'aa kutoka tumboni mwake mpaka likaijaza dunia. Mtoto wa kabaila hakuhitaji jua. Alihitaji ami na wajomba.

Alianza kusoma kwa bibi mmoja wa ukoo, Emnilde, katika monasteri ya wanawake ya Quedlinburg. Baadaye akapelekwa kwa Abati Ricdag katika monasteri ya Berge, nje ya Magdeburg, na mwishowe katika shule ya kanisa kuu la Magdeburg. Huko alisoma pamoja na jamaa yake, Bruno wa Querfurt, ambaye baadaye aliacha kila kitu akaenda kuhubiri kwa wapagani wa mashariki, akauawa mwaka 1009 pamoja na wenzake 18 kwenye mipaka ya Prussia. Mwaka huohuo Thietmar akawa askofu. Wanafunzi wawili wa darasa moja, damu moja: mmoja anakatwa kichwa, mwingine anavishwa kofia ya uaskofu. Nadhani Thietmar aliliwaza hilo zaidi ya mara moja.

Sasa nitulie kidogo kwenye mwaka 994, kwa sababu hapa ndipo mtu anapouona ukoo ukifanya kazi.

Mwezi wa Juni mwaka huo maharamia kutoka kaskazini, hawa tunaowaita Waviking, waliingia mto Elbe kwa merikebu zao. Wajomba watatu wa Thietmar, yaani Heinrich, Udo na Siegfried, wakatoka kupambana nao majini, wakashindwa. Udo aliuawa. Heinrich na Siegfried wakatekwa. Maharamia wakataka fedha nyingi, na kwa kuwa fedha haikuweza kukusanywa siku moja, wakakubali kuwaachia makabaila mmoja mmoja kwa kubadilishana na mateka wengine, wa kukaa rehani mpaka malipo yatimie. Mjomba Heinrich akamtoa mwanawe wa pekee, pamoja na watu wengine. Mjomba Siegfried hakuwa na mtoto wa kiume. Akatuma ujumbe kwa dada yake, Kunigunde: nipe mmoja wa wanao.

Fikirini huyo mama. Mume amekufa miaka mitatu nyuma. Kaka mmoja ameuawa, mwingine yuko juu ya merikebu na vidonda. Anao wavulana watano, na wawili ndio tegemeo la nyumba. Akachagua mmoja wa wale wa kanisani. Akatuma mtu Berge, atolewe mtawa Siegfried, kijana mwenye jina la mjomba wake. Abati Ricdag akakataa. Alisema wajibu aliopewa na Mungu haumruhusu kumtoa. Yule mjumbe hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja Magdeburg, kwa mkuu wa shule, na kumwomba amtoe Thietmar. Huyu hakukataa.

Thietmar alikuwa hajatimiza miaka 19. Aliondoka siku ya Ijumaa. Anatuambia alivyovaa: juu nguo za mtu wa kawaida, zile ambazo angeishi nazo kwa maharamia, na ndani, chini ya hizo, nguo zake za kanisani. Nimesoma kurasa nyingi za zama hizo na sijui kama kuna picha nyingine inayonikaa hivi. Kijana juu ya farasi, ana joto, mwezi wa Juni, amevaa maisha mawili kwa pamoja.

Hakufika. Siku hiyohiyo mjomba Siegfried alikwishatoroka. Watu wake walikuwa wamepeleka mvinyo kwenye merikebu, maharamia wakanywa mpaka wakalewa. Asubuhi, vichwa bado vizito, padri akijiandaa kusoma Misa, Siegfried akajongea kwenye omo kana kwamba anakwenda kunawa uso. Pale chini kulikuwa na kimashua kinamngoja. Akaruka. Kelele zikapigwa, nanga zikang'olewa, akafukuzwa, lakini ufukweni kulikuwa na farasi tayari, akakimbilia ngome yake ya Harsefeld, alikokuwa kaka yake Heinrich. Maharamia waliingia Stade wakamsaka, hawakumpata, wakawapokonya wanawake hereni zao masikioni kwa nguvu, wakaondoka.

Laiti habari ingeishia hapo. Kesho yake maharamia waliwachukua mateka waliobaki, wakiwemo yule padri na yule mtoto wa pekee wa mjomba Heinrich, wakawakata pua, masikio na mikono, wakawatupa bandarini. Thietmar anaieleza kwa ufupi, hapambi. Kisha anasema alikwenda kuwatembelea wajomba zake, akapokewa kwa upendo, akarudi kwao salama. Mimi hujiuliza aliingiaje katika nyumba ile. Alikuwa mzima, masikio yake mawili yapo, anasalimiana na mjomba ambaye mwanawe amerudishwa hivyo. Angefika siku moja mapema, ni yeye. Kitabu hakisemi walizungumza nini.

Upande wa ami nao haukuwa wa amani. Ami yake Liuthar alikuwa kabaila wa mpakani, mtu mzito katika siasa za Wasaksoni. Mwanawe Werner alimposa Liutgard, binti wa Ekkehard wa Meissen, ambaye alikuwa mtu mzito zaidi. Ekkehard akavunja ahadi. Kijana Werner, pamoja na Heinrich na Friedrich, kaka zake Thietmar, wakapanda farasi mpaka Quedlinburg alikokuwa akilelewa binti, wakamchukua kwa nguvu huku analia, wakampeleka Walbeck. Fedheha ile ilimalizwa mbele ya baraza huko Magdeburg, vijana wamesimama miguu mitupu wakiomba msamaha, na binti akarudishwa.

Sasa mnaona jinsi ugomvi wa posa unavyoweza kupanda mpaka kwenye kiti cha enzi. Januari 1002 Mfalme Otto wa Tatu alikufa Italia, kijana, bila mtoto. Ekkehard alitaka ufalme. Wakuu wa Wasaksoni walipokutana Frohse, Liuthar ndiye aliyesimama kuzuia asichaguliwe haraka. Ekkehard akamuuliza, kwa nini unanipinga? Liuthar akamjibu kwa swali: huoni kwamba gari lako limepungukiwa na gurudumu la nne? Kwa jibu kama hilo mtu haulizi tena. Ufalme ulimwendea Heinrich wa Pili, ambaye Liuthar alimuunga mkono. Ekkehard aliuawa usiku, tarehe 30 Aprili mwaka huo, pale Pöhlde, na baada ya kifo chake Werner akamwoa Liutgard wake. Ukisoma vitabu vya shule, utaambiwa Heinrich wa Pili alipata ufalme kwa haki ya damu na kwa msaada wa maaskofu. Ni kweli. Lakini ndani yake kuna binti mmoja aliyebebwa akilia, na babamkwe aliyekosa gurudumu.

Mwaka huohuo wa 1002 Thietmar alipata cheo chake cha kwanza. Lile kanisa la babu, Walbeck, lilihitaji provosti wa kuwaongoza makanoni, na ami Liuthar, aliyekuwa na sehemu katika urithi ule, hakutoa kibali chake bure. Thietmar akalipa. Alijua jina la dhambi hiyo, usimoni, kununua kitu kitakatifu, na anaitaja bila kuizungushia maneno. Anajitetea kidogo tu: kwamba hakulichunga kundi kwa ajili ya faida. Halafu anajinyang'anya hata utetezi huo.

Desemba 1004 akapewa upadri na Askofu Mkuu Tagino wa Magdeburg, kule Allstedt, mbele ya mfalme. Na mwaka 1009, Askofu Wigbert wa Merseburg alipofariki, Tagino huyohuyo alimtaja Thietmar kwa mfalme. Kabla ya kuwekwa wakfu aliulizwa swali la busara sana: je, ukipewa uaskofu, utalipa kanisa lako sehemu ya urithi wako? Kwa tafsiri ya mjini: wewe ni mtoto wa tajiri, sisi ni jimbo maskini, utaleta nini? Thietmar akasema kwamba jibu la uhakika kwa sasa hawezi kulitoa wala hataki. Mungu na mfalme wakipenda apewe, atafanya kwa moyo lile atakaloweza kwa ajili ya roho yake. Wapo wanaoona jibu hilo ni la ubahili. Mimi naona ni la mtu aliyeungua mara moja: ameshanunua kanisa la babu, hakutaka hata kuonekana ananunua la pili. Akawekwa wakfu tarehe 24 Aprili 1009 huko Neuburg, kwenye mto Danube.

Merseburg yenyewe ilikuwa na historia ya yatima. Otto wa Kwanza, kabla ya vita vya Lechfeld dhidi ya Wahungaria, tarehe 10 Agosti 955, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, aliweka nadhiri kwamba akishinda atamjengea mtakatifu huyo jimbo Merseburg. Alishinda, na jimbo likaanzishwa mwaka 968. Miaka 13 tu baadaye, 981, askofu wake Giselher alitamani kiti kikubwa cha Magdeburg. Ili apite, jimbo la Merseburg likafutwa, na ardhi na parokia zake wakagawana majirani. Thietmar hana shaka kuhusu kilichofuata. Mwaka 982 Otto wa Pili alishindwa vibaya na Waarabu kusini mwa Italia. Mwaka 983 Waslavi waliasi, wakaangamiza Havelberg na Brandenburg, na mwishoni mwa mwaka huo Otto mwenyewe akafa Roma akiwa na miaka 28. Kwa Thietmar yote haya ni Mtakatifu Laurenti anadai chake. Heinrich wa Pili alilirudisha jimbo mwaka 1004, lakini kurudisha jina ni kitu kimoja, kurudisha mashamba ni kingine, na Thietmar alitumia miaka yake tisa akigombana na majirani juu ya mipaka, misitu na hati.

Waumini wake wengi walikuwa Waslavi, na hapo anatupa kisa ninachokipenda. Boso, askofu wa kwanza wa Merseburg, alijitahidi kuwafundisha kwa lugha yao, hata akaandika maneno ya Kislavi. Akawaomba waimbe Kirie eleison, akawaeleza maana yake, Bwana utuhurumie. Wao wakaigeuza kwa mzaha: ukrivolsa. Kwa lugha yao maana yake ni kwamba mti umesimama kichakani. Boso akasema, aa, hivyo sivyo, na wao wakasema, ndivyo alivyosema Boso. Kila aliyewahi kufundisha wimbo wa Kilatini kwaya ya watoto anajua sauti ya kicheko hicho. Thietmar hacheki, anaumia. Kwa sifa anasimulia jinsi Wigbert alivyoukata msitu mtakatifu wa Waslavi na kujenga kanisa mahali pake. Tusimfanye mtu wa leo. Aliwadharau Waslavi, na kwa Bolesław wa Poland, aliyepigana na Heinrich wa Pili kwa miaka mingi, hana neno jema ila kwa bahati mbaya.

Lakini rudini nami Walbeck, kwenye kaburi. Alipokuwa bado anasimamia mambo ya kanisa lile, mke wa kaka yake alifariki, na ikatakiwa azikwe mahali pa heshima humo kanisani. Nafasi ilikuwa finyu. Thietmar akaruhusu lifukuliwe kaburi la kasisi mwenzake wa palepale, Willigis (si yule wa Mainz, jina lilikuwa la kawaida), mifupa ikatolewa. Ndani mlikuwa na kikombe cha fedha. Akaagiza kitunzwe kigawiwe maskini, na baadaye akasikia kimepotea. Akaugua. Akaweka nadhiri ya kwenda kuhiji Köln. Na usiku mmoja akasikia kishindo ndani ya nyumba, akauliza kuna nini, sauti ikamjibu: ni mimi Willigis, natangatanga kwa kosa lako. Thietmar anasema aliamka kwa hofu, na kwamba anahuzunika mpaka leo, na atahuzunika maisha yake yote.

Mtu mwingine angeficha. Hakuna aliyemlazimisha kuandika. Lakini kwa Thietmar wafu hawajaenda mbali. Jamaa yake Brigida, mkuu wa monasteri ya Mtakatifu Laurenti kule Magdeburg, alimsimulia habari ya mji wa Deventer, ya padri aliyewakuta wafu usiku kanisani wakisali na kutoa sadaka, na kwa kung'ang'ania kulala mle ndani mwisho wakamchoma mpaka majivu. Brigida akamwambia, mchana wamepewa walio hai, usiku wamepewa waliokufa. Ukiamini hivyo, basi kitabu cha historia ni mahali pa kuwatajia wafu majina yao waombewe: mababu wawili wa Lenzen, mjomba Udo, mama, baba, jamaa yake Bruno, Willigis. Wafalme wamo, ndiyo. Wamo kama wageni wakubwa kwenye matanga ya familia.

Aliandika kuanzia 1012 mpaka alipokufa. Makatibu kadhaa waliandika, yeye akipitia nyuma yao kwa kalamu yake, akikata, akiongeza pembeni, akibana mstari katikati ya mistari. Tarehe 18 Mei 1015 aliweka kwa mkono wake jiwe la msingi la kanisa kuu jipya la Merseburg. Liliwekwa wakfu 1021, yeye hayupo. Kanisa hilo lipo, ingawa vizazi vya baadaye vimelijenga upya kwa sehemu kubwa, na kaburi lake limo humo.

Nakala yenyewe, ile yenye masahihisho ya mkono wake, ilihifadhiwa Dresden. Februari 1945 mji uliposhambuliwa kwa mabomu, maji yaliingia mahali ilipokuwa, na wino wa zaidi ya miaka mia tisa ukayeyuka. Kurasa nyingi sasa hazisomeki. Kwa bahati nzuri, mwaka 1905 zilikuwa zimepigwa picha zote, kwa hiyo tunaweza kuona bado pale mwandiko ulipobadilika kutoka wa katibu kuwa wake: herufi ndogo, zimejazana ukingoni, akiongeza jina la mtu.

Asanteni. Naona mkono umenyooshwa kule nyuma.